Pikapu ya zamani imefungwa springi na shokapu mpya, sasa inasumbua: tafuta dalili yako hapa

Kazi imeisha, pikapu imenyanyuka, inapendeza kuitazama. Wiki haijapita inaanza kugonga chini, au kuvuta upande, au kutetemeka ikifika mwendo fulani. Mwenye gari anarudi dukani kuilaumu springi.

Mara nyingi springi haina kosa. Pikapu iliyotembea miaka 20 ina bushi (vipande vya mpira au plastiki vya kwenye viungo), boljointi (viungo vya duara vya magurudumu ya mbele), krosi (viungo vya propela shafti, ile shafti inayozungusha ekseli ya nyuma) na mipira ya breki iliyozeeka pamoja na springi zake za mwanzo. Springi zilipolegea, nazo zililegea taratibu bila kelele. Leo umefunga springi ngumu zaidi na kuinua chesisi sentimita 5. Nguvu iliyokuwa inamezwa na springi zilizochoka inakwenda moja kwa moja kwenye vitu ambavyo hukuvigusa, na kila chuma kinachounganisha chesisi na magurudumu kimebadilisha pembe yake. Ndiyo maana ukiingia chini ya gari, vitazame kwanza vile vya zamani vilivyobaki.

Kabla ya dalili yoyote

Egesha pahala tambarare, weka kabari kwenye magurudumu, na kama unainua gari, likalie stendi imara chini ya chesisi. Jeki ni ya kuinulia tu. Usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake, wala lililowekwa juu ya matofali, kwa sababu tofali hupasuka ghafla bila kuonya.

Pima upepo wa matairi yote manne ukilinganisha na kibandiko cha mlangoni. Kisha chukua futi kamba, pima kutoka katikati ya habu (kitovu cha gurudumu) hadi ukingo wa matagadi juu yake, kwa kila gurudumu, uandike. Usipime kutoka ardhini, maana tairi lenye upepo pungufu litakudanganya. Hizo namba nne zitakusaidia katika karibu kila dalili iliyo hapa chini.

Halafu kaza. Yubolti mpya, zile zenye umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli, hulegea kidogo baada ya majani ya springi kukaliana, kwa hiyo hukazwa tena baada ya kilomita 500 hadi 1,000, gari likiwa limesimama kwa matairi yake, nati kwa mtindo wa msalaba, kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) na kipimo cha mtengenezaji wa gari au wa springi. Kama fundi alirudishia yubolti za zamani, nunua mpya. Yubolti ikishakazwa kwa nguvu zake zote mara moja huwa imevutika, na ikifunguliwa kisha ikafungwa upya haishiki tena kama ilivyoshika kwanza. Gharama yake ni ndogo ukiilinganisha na ekseli iliyohama.

Inagonga au inalia chini

Tenganisha sauti kwanza. Kishindo kimoja kizito cha chuma ukiondoka au ukifunga breki ni tofauti na kugonga kwa haraka haraka kwenye barabara ya mawimbi, na vyote viwili ni tofauti na mlio wa kukwaruza unaosikika gari likipita tuta polepole.

Kishindo kimoja wakati wa kuondoka au kusimama, sababu ya kwanza ni yubolti zilizolegea. Ukikuta zimekaza, angalia senta bolti, ile inayoshika majani yote katikati. Kichwa chake lazima kiwe kimezama ndani ya tundu la kitako cha ekseli. Kikiwa kimekalia ukingo wa tundu, au kimekatika, ekseli inateleza mbele na nyuma kila unapoondoka. Pima umbali kutoka katikati ya ekseli hadi kwenye bolti ya jicho la mbele la springi, kulia na kushoto. Vipimo vikitofautiana kwa milimita kadhaa, ekseli imehama.

Kugonga kwa haraka kwenye barabara mbovu, anza na shokapu. Shika kila moja kwa mkono uitikise. Bushi ya juu ikiwa imelegea utaisikia hapo hapo. Zinazofuata ni linki za stebilaiza, vijiti vya ile baa inayozuia gari kulala kwenye kona. Hizi husahaulika sana: gari likiinuliwa, linki huvutwa nje ya pembe yake na bushi zake ndogo huisha haraka. Baada yake ndiyo boljointi na bushi za amu, mikono ya chuma inayoshika magurudumu ya mbele. Inua gurudumu moja la mbele kwa jeki chini ya amu ya chini kama springi inakaa juu ya amu hiyo, ili boljointi isibebe mzigo, kisha tia mtaimbo chini ya tairi na unyanyue huku mwenzako akitazama. Ukiona boljointi inacheza, ibadilishe.

Kuna sababu nyingine isiyoonekana gari likiwa limesimama: shokapu fupi. Gari limeinuliwa sentimita 5, shokapu zimebaki zile za urefu wa kawaida, na kila gurudumu linapodondoka shimoni shokapu inafika mwisho wa kutanuka kwake na kugonga. Weka chesisi juu ya stendi, acha ekseli ishuke yenyewe, kisha tazama ni kitu gani kinachoizuia isishuke zaidi. Kama ni shokapu, hiyo ni fupi, na itakufa mapema. Shokapu ndefu kupita kiasi ni mbaya zaidi, kwa sababu hugota chini kabla ekseli haijafika kwenye mpira wa kikomo unaoizuia isigonge chesisi, na hapo hung'oa vishikio vyake kwenye chesisi.

Mlio wa kukwaruza mara nyingi hutoka kwenye ncha za majani ya springi au kwenye bushi za plastiki ngumu zilizofungwa bila grisi. Bushi hizo hupakwa grisi ya silikoni au ile iliyokuja nazo. Bushi za mpira wa kawaida usizipake grisi ya beringi wala oili ya injini. Sauti itanyamaza kwa siku chache, halafu mpira utavimba na kuoza.

Imekuwa ngumu, inarusha watu

Hili ndilo lalamiko ninalolisikia zaidi ya mengine yote, na jibu lake la kweli mara nyingi hutolewa kabla springi haijanunuliwa. Springi huuzwa kwa uzito utakaobebwa *muda wote*. Springi ya kilo 300 imekusudiwa gari lenye kilo 300 mgongoni kila siku: boksi la vifaa, kanopi, tangi la ziada. Ukiifunga kwenye pikapu inayotembea tupu siku sita na kubeba mzigo siku moja, itakurusha siku hizo sita. Shokapu haiwezi kuitibu hali hiyo. Dawa ni kupunguza jani moja pale ambapo mtengenezaji wa springi anaruhusu, au kufunga springi ya daraja la chini.

Kabla hujafika huko, kuna mambo matatu ya bure ya kuangalia.

Upepo wa matairi ni la kwanza. Wengi hujaza kama wanabeba mzigo mzito, kisha wanatembea tupu.

La pili ni bushi zilizokazwa magurudumu yakining'inia, na hili mafundi wengi hulifanya kwa haraka ya kazi. Bushi ya mpira imeshikana na chuma chake cha ndani na cha nje. Amu au springi inapocheza, mpira ndio unaojikunja. Bolti ikikazwa wakati ekseli imeshuka hadi mwisho, mpira unakuwa umeshajikunja tangu gari linaposhushwa chini. Unaisukuma springi muda wote, gari linasimama juu kuliko inavyotakiwa, linakuwa gumu, na baada ya miezi michache bushi inachanika. Tiba yake ni hii: shusha gari likae kwa uzito wake, legeza bolti zote za macho ya springi, shekeli na amu, litikise gari, kisha kaza. Nimeona pikapu nyingi zikilainika kwa kazi hii tu, bila kununua kitu.

La tatu ni shekeli, vile vipande viwili vya chuma vinavyoning'iniza ncha ya nyuma ya springi kwenye chesisi. Springi ya majani ikibonyea hunyooka, na ikinyooka hurefuka, kwa hiyo shekeli lazima iwe na nafasi ya kusogea nyuma. Tazama ilivyokaa gari likiwa tupu. Kama ncha yake ya chini imeelekea mbele, au shekeli imegusa chesisi, springi haina pa kurefukia. Utasikia gari gumu kwenye kila tuta hata kama springi yenyewe ni laini. Chanzo huwa ni springi iliyopinda mno, au ya urefu usio wa gari hilo.

Kwa pikapu zenye toshen baa mbele (fito za chuma zinazojisokota badala ya springi), kama zilivyokuwa nyingi za miaka ya 1990, kuna mtego wake. Mtu hukaza bolti ya kurekebishia ili mbele ipande, halafu anasema baa imekuwa ngumu. Baa haijabadilika ugumu wake. Kilichobadilika ni mahali amu inaposimama. Tazama nafasi kati ya amu ya juu na mpira wake wa kikomo cha chini. Ikiwa amu imekaribia kuugusa, gurudumu halina nafasi ya kushuka, na kila shimo ni pigo. Irudishe chini. Ukitaka kimo zaidi ya hapo unahitaji amu za juu za aina nyingine.

Simama hapa: toshen baa iliyokazwa na koili springi iliyobanwa zina nguvu ya kuua. Kama huna kibanio kizuri cha springi na hujawahi kufundishwa kukitumia, mpe fundi mwenye navyo. Na mtu akikwambia atailainisha au kuishusha springi kwa moto wa gesi, mkatalie. Springi iliyochomwa hupoteza ugumu wake na hukatika siku usiyotarajia.

Imelala upande mmoja

Rudi kwenye namba nne ulizoandika. Tofauti ya milimita 10 kati ya kulia na kushoto ni ya kawaida kwa gari la zamani. Tangi la mafuta na dereva hukaa upande. Zaidi ya hapo, soma maandishi ya springi kwanza. Seti nyingi za koili zina springi ya upande wa dereva na ya upande wa abiria, na hufungwa kinyume bila mtu kujua.

Zikiwa sawa, tafuta kama kosa ni la mbele au la nyuma. Weka jeki katikati kabisa ya krosmemba ya mbele (chuma cha chesisi kinachokatiza kulia hadi kushoto) na uinue kidogo, magurudumu ya mbele yaache tu kubeba uzito. Sasa mbele haina tena uwezo wa kulalisha gari. Ikiwa gari limenyooka, tatizo liko mbele. Likibaki limelala, liko nyuma. Usiingie chini wakati wa jaribio hili. Nyuma utakuta jani lililokatika au bushi zilizokazwa vibaya, na mbele utakuta toshen baa zisizolingana. Yote yakiwa sawa na bado limelala, chesisi ipimwe na watu wenye vifaa vya kunyoosha.

Inavuta, haitulii barabarani, inakula matairi

Baada ya kuinua gari, wili alaimenti (kurekebisha pembe za magurudumu) ni lazima. Fanya baada ya springi kukaa, si siku ile ile ya kufunga.

Tairi lenyewe litakueleza. Likiliwa ukingo mmoja, wa ndani au wa nje, kemba (mlalo wa gurudumu kwenda ndani au nje) imeharibika. Likiwa na kingo kali upande mmoja wa kila ua, ukipitisha kiganja linakwaruza ukienda na ni laini ukirudi, basi tatizo ni too (magurudumu kuelekeana au kuachana kwa mbele). Mabonde mabonde kuzunguka tairi yanatokana na shokapu dhaifu au balansi. Usukani usiorudi wenyewe baada ya kona, gari likielea kulia na kushoto, ni kasta (mlalo wa mhimili wa kupindia gurudumu kwenda nyuma) iliyopungua, na kuinua mbele huipunguza kwa magari mengi. Fundi wa alaimenti akisema vipimo vimegota na hakuna nafasi tena, umeinua zaidi ya uwezo wa amu zako. Shusha, au nunua amu za kurekebishia.

Likivuta upande mmoja tu, baada ya upepo gusa rimu zote nne kwa tahadhari ukitoka safari fupi. Iliyo moto kuliko nyingine ina breki inayong'ang'ania. Na mwombe mtu akufuate nyuma kwenye barabara iliyonyooka: akiona gari linatembea kimshazari, rudi kwenye senta bolti.

Inatetemeka

Mtetemo kwenye usukani, kwa mwendo wa kati ya kilomita 80 na 110 kwa saa, karibu kila mara ni balansi au tairi lenye kasoro. Mtetemo kwenye kiti na sakafu ni wa nyuma, na hapo propela shafti ndiyo mshukiwa.

Hakikisha si injini. Tembea mwendo ule ule unaotetemesha, kisha badilisha gia bila kubadilisha mwendo. Mtetemo ukibaki vile vile ingawa injini imepanda au kushuka, unatoka kwenye kitu kinachozunguka pamoja na magurudumu.

Propela shafti ya kipande kimoja yenye krosi mbili hutaka shafti inayotoka giaboksi na pinioni ya difu (shafti fupi inayoingia kwenye gia za ekseli ya nyuma) ziwe sambamba, ili pembe ya krosi ya mbele ilingane na ya nyuma. Tofauti isizidi nyuzi 1, na kila krosi ifanye kazi kwa pembe ndogo, vizuri zaidi ikiwa chini ya nyuzi 3. Kuinua nyuma huharibu uwiano huu. Programu ya kupimia mlalo kwenye simu inatosha kwa uchunguzi, gari likiwa limesimama kwa matairi yake. Ukithibitisha pinioni imeelekea vibaya, kuna kabari za chuma za nyuzi 2 hadi 4 zinazokaa kati ya springi na kitako. Pima kwanza kabla ya kununua, maana kabari iliyowekwa kinyume huongeza ugonjwa.

Kwa shafti ya vipande viwili, ikiwa gari linatetemeka unapoondoka na kutulia ukichanganya mwendo, angalia senta beringi, ile inayoshikilia shafti katikati chini ya chesisi. Mpira wake huenda umechanika, au beringi inahitaji kushushwa kwa vipande vya kati ya kishikio na chesisi. Na kama shafti ilifunguliwa wakati wa kazi, hakikisha masikio ya krosi yamerudishwa kwenye mstari wake. Kukosea jino moja tu kunatosha kuleta mtetemo.

Usukani unarukaruka kwa nguvu baada ya shimo

Hii ni ya pikapu zenye ekseli nzima mbele. Unagonga shimo kwa kasi, usukani unaanza kupiga kulia na kushoto na hauachi mpaka upunguze mwendo sana. Ukipatwa nao, shika usukani imara, achia mafuta, acha mwendo upungue taratibu, toka barabarani.

Usiendeshe tena gari hilo kabla halijatengenezwa. Chanzo kwa kawaida ni mchanganyiko: balansi, tairodi (fito za usukani) zilizolegea, tundu la bolti ya fimbo ya panhard (inayozuia ekseli isihame kulia na kushoto) lililopanuka, beringi za king'pini (mhimili ambao gurudumu hupindia) zilizoisha, na kasta iliyopungua. Mwenzako autikise usukani, injini ikiwa imewashwa, wewe ukitazama kila kiungo. Shokapu ya usukani hufungwa na wengi kama dawa. Inanyamazisha dalili huku kiungo kibovu kikiendelea kulika.

Breki zimebadilika

Dalili hii nisingeiacha hata siku moja.

Pikapu nyingi za zamani zina valvu ya breki kwenye chesisi, iliyounganishwa na ekseli ya nyuma kwa kijiti. Gari likibeba mzigo, chesisi inashuka, kijiti kinaijulisha valvu, nayo inaruhusu nguvu zaidi ya breki nyuma. Ukiinua nyuma kwa springi mpya, valvu inadhani gari ni tupu kupita kiasi. Breki za nyuma zinapunguzwa, za mbele zinabeba kila kitu, pua inazama, na ukiwa na mzigo gari linachelewa kusimama. Kijiti hicho kirekebishwe kwa kipimo cha kitabu cha gari, na fundi wa breki mwenye geji za kupimia shinikizo. Usikikunje kwa makadirio: kikizidi, magurudumu ya nyuma yatafunga kwenye lami yenye maji na gari litazunguka.

Jambo la pili ni mipira ya breki. Ekseli ikiwa imeshuka hadi mwisho, mpira wa breki usiwe umekazana. Ukiwa umenyooka kama uzi, ni mfupi, hata kama hauvuji leo. Tazama pia waya za ABS, kebo ya breki ya mkono na mrija wa kupumulia wa difu.

Simama hapa: pedali ikizama, oili ya breki ikipungua, au mpira ukiwa na mpasuko, gari libebwe hadi gereji.

Nyuma imelala tena

Jani moja lililoongezwa kwenye springi iliyochoka hubeba kazi ya majani yote, na huchoka kabla ya muda. Springi zilizopindwa upya kwa nyundo bila kupikwa tena hurudi zilivyokuwa. Kwa maoni yangu seti nzima mpya ndiyo nafuu ya kweli.

Lakini uliza pia unabeba kiasi gani. Springi ngumu haiongezi uzito ulioruhusiwa kwa gari. Ekseli, beringi, breki na chesisi ni zile zile. Mifuko ya upepo ya kusaidia springi hukazia nguvu sehemu moja ya chesisi, na mzigo ukiwa umerundikwa nyuma ya ekseli, chesisi ya zamani hupinda hapo. Tazama mwanya kati ya kebini na bodi ya nyuma. Ukiwa mpana juu kuliko chini, au ukiona ufa au rangi iliyokatika kwenye chesisi nyuma ya kebini, shusha mzigo wote. Kuchomelea ufa wa chesisi ni kazi ya mtaalamu aliyeifanya kabla, naye ataanza kwa kuangalia kutu imekula kiasi gani.

Taa zinawapofusha wanaokuja

Mbele imepanda au pembe ya gari imebadilika. Egesha mita 10 kutoka ukutani. Mstari wa juu wa taa hafifu ushuke sentimita 10 hadi 15 chini ya kimo cha taa yenyewe. Skrubu ya kurekebishia iko nyuma ya taa.